Matairi Mapya Chini ya Shuka

3 Machi 2018

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua ukifungua bahasha hii utasema shikamoo peke yako huko chumbani kwako. Sisi wote tunapumua vizuri. Goti la baba yako limetulia, mdomo wake ndio haujatulia. Mama yako amepaka sebule rangi ya kijani na hakuna mtu aliyeombwa ushauri, kwa hiyo wote tunasema imependeza. Jirani wangu wa mkono wa kushoto amepanda maua mpaka ukingoni mwa barabara, na kila asubuhi anatoka kuyahesabu.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Mwanangu, miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya mashine nachapa barua za wakubwa, "rejea barua yako ya tarehe fulani," nikastaafu sijawahi kuandika hata moja ya kwangu. Halafu nikipiga simu baba yako husogeza kiti. Jambo hili sitaki alisikie likitoka kinywani mwangu.

Haya. Gari langu Mstaafu limeanguka ukaguzi.

Gari lenyewe halina shida, injini inawaka kwa mguso mmoja. Ni matairi. Mkaguzi aliingiza kijiti chake cha kupimia katikati ya meno ya tairi la mbele, kijiti kikagota pale pale. Akasema, "Mama, hili si tairi tena, ni kipara." Foleni nzima ikacheka. Nikacheka nao, ingawa nilitamani kumchapa kofi. Amenipa mpaka tarehe thelathini Juni nilirudishe.

Baba yako alivyosikia akapata la kusema. Dada, umri umeenda. Dada, gari lina miaka ishirini na saba. Dada, kuna bwana ananunua vyuma chakavu, atakuja tarehe mosi Julai na winchi yake. Huyu mtoto niliyembeba mgongoni na kumfuta kamasi! Hasira zikanipanda, nikasema mbele yake na mbele ya mama yako: likianguka tena, ufunguo nitampa huyo bwana kwa mkono wangu mwenyewe. Unanijua, nikisema nimesema.

Na nikimpa, mwanangu, nimekwisha. Wenzangu tuliostaafu pamoja nawaona. Wanavaa vizuri, wanakaa mlangoni na mkoba mapajani, wanasubiri kupitiwa. Wanaokuja kuwapitia wakichelewa, kofia inavuliwa, siku imepotea. Mimi sitaki kuwa mtu wa "naomba mnipitie."

Lakini tulia, sijakuandikia kulia. Stoo nina matairi manne mapya kabisa! Marehemu mume wangu aliyanunua, hayajaonja lami hata siku moja, nimeyafunika shuka. Wiki ijayo nayafunga. Wewe ndiye fundi wa matairi wa ukoo huu, niambie tu nijaze upepo kiasi gani.

Nakuachia hapo, wino unaisha na sitaki kununua kalamu nyingine leo.

Shangazi yako

*

19 Machi 2018

Shangazi,

Shikamoo. Na ile ya peke yangu chumbani nilisema kweli, nikacheka mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Mimi mzima. Nimehamia chumba chenye dirisha, naona uwanja wa mpira na nyuma ya duka la mikate, kwa hiyo naamka na njaa kila siku. Mwambie Mama sebule ya kijani ni nzuri, nami sijaiona.

Kazini ni kwema. Kazi ni nyingi.

Shangazi, tafadhali usiyafunge hayo matairi kwanza. Lete kiti, kaa nayo, uyafunue moja moja. Ubavuni mwa tairi kuna mstari wa herufi na namba, na mwisho wa mstari kuna kiduara kirefu chenye namba nne. Huwa ziko upande mmoja tu, ukizikosa ligeuze. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Niandikie hizo namba nne.

Mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo. Kwa macho unaliona jipya, meno yote yapo, hata vile vinywele vya kiwandani vipo, kumbe ndani limekauka. Gereji kwetu likipita miaka kumi halifungwi, hata mteja apige magoti. Marehemu alifariki mwaka 2007, Shangazi. Nimehesabu kwa vidole halafu nikahesabu tena.

Namba nne tu. Upepo nitakuambia baadaye.

Binti yenu anayewapenda

*

8 Aprili 2018

Mwanangu,

Tumeipata barua yako, nasi tu wazima kama ulivyotuacha, isipokuwa paka wa mama yako amezaa ndani ya kabati la mashuka na sasa kabati ni lake. Baba yako amepunguza sukari kwenye chai. Ameongeza malalamiko. Mvua zimeanza, paa langu halivuji, na yule mwalimu wako wa darasa la nne nilimkuta sokoni akakuulizia, nikamwambia uko mbali unafunga matairi ya malori, akashika kiuno kwa mshangao.

Kuhusu namba, miwani yangu imevunjika mkono. Mwanga wa stoo nao ni hafifu. Nitaangalia.

Mawili nimeshayafunga, ya mbele. Fundi pancha wa kona alinifungia, akayasifu sana, akasema siku hizi hawatengenezi tena hivi. Yanang'aa, mwanangu! Nilipita barabarani kichwa juu.

Maua ya jirani yamepata ajali kidogo. Si yote, ni ya ule upande wa barabara. Tumeshaongea naye, ni mtu mwelewa.

Sasa nikuulize na wewe. Kila barua unaandika "kazini ni kwema, kazi ni nyingi," basi, kama memo ya ofisi. Baba yako anataka picha yako umeshika spana. Mwaka mzima anaomba. Spana zimeadimika huko?

Jibu mapema. Posta wameongeza dirisha la pili, hakuna kisingizio.

Shangazi yako

*

22 Aprili 2018

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima? Namaanisha wewe. Wewe ni mzima?

Baba alinipigia Jumapili. Anasema alisikia mlio akiwa jikoni akadhani ni mtungi wa gesi, akatoka na ndoo ya maji. Akakukuta umeshika usukani kwa mikono miwili katikati ya maua ya jirani, tairi la kushoto limepasuka kutoka ukingo hadi ukingo, nawe unamwambia, "Nimeegesha." Shangazi! Umeegesha! Nilicheka nikiwa kwenye simu, nilipokata nikatafuta kalamu. Ulikuwa mtaani, unakwenda mwendo wa kutembea. Ungekuwa barabara kuu ningeandika barua ya namna gani leo? Ningemwandikia nani?

Miwani yako haijavunjika. Wewe uliyekuwa unaona koma iliyokosewa ukiwa mlangoni, huwezi kushindwa namba nne.

Nataka uniambie kweli. Na kwa kuwa siwezi kudai kweli huku nimekalia uongo, wacha nikupe yangu kwanza.

Sishiki spana. Tangu nifike hapa, mwaka na miezi miwili, sijafunga hata nati moja ya mteja. Niliajiriwa fundi, cheti changu walikiona, barua ya kazi inasema fundi. Siku ya kwanza msimamizi akaniangalia mikono, akasema kaunta inahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri, nisubiri nafasi itokee karakana. Vijana wawili wameajiriwa baada yangu, wote wako kwenye mashine. Mimi naandika risiti na kuwaletea wateja maji ya kunywa. Nimenyamaza kwa sababu wewe ulimwambia kila mtu mtaani kwamba nafunga matairi ya malori. Sikutaka uaibike.

Ndiyo hiyo. Baba usimwambie.

Sasa zamu yako. Namba nne.

Binti yenu

*

13 Mei 2018

Mwanangu mpenzi,

Salamu za nyumbani utazipata chini ya barua, leo naanza na deni.

3106. Yote manne. Wiki ya thelathini na moja, mwaka 2006.

Nilizisoma siku ile ile barua yako ya kwanza ilipofika, miwani ikiwa puani na tochi mkononi. Nikafunika tena shuka, nikafunga mlango wa stoo, nikaenda kupika kama sijaona kitu, kisha nikafungisha yale mawili hivyo hivyo.

Wewe ulikuwa mdogo hukumbuki. Marehemu aliyaleta mwezi wa kumi. Aliyashusha mwenyewe, moja moja begani, anakohoa, hataki kusaidiwa. Akaniambia, "Haya tutayavaa mwakani, twende safari ndefu, mimi na wewe tu." Mwezi wa tatu nikamzika. Matairi yakabaki stoo. Ningeyafungaje? Nikiyafunga yatalika. Yakilika, kitu cha mwisho alichoninunulia yule bwana kimekwisha, nimekimaliza mimi, kwa kwenda sokoni kununua vitunguu. Kwa hiyo nikayatunza. Kila mwisho wa mwezi niliyatoa shuka nikayapaka mafuta ya mgando, haya ya kujipaka mwilini, nikayasugua mpaka yang'ae. Miaka kumi na moja, mwanangu. Nilipomsimulia fundi pancha baada ya ajali alishika kichwa. Akasema mafuta yale ndiyo yanayoula mpira. Akakunja kipande mbele yangu, nikaona nyufa zinafunguka kama midomo.

Nilikaa pale kwenye benchi lake nikalia. Sikuwa nimelia hivyo tangu msiba. Nilikuwa nayaua kwa mkono wangu huku nikidhani nayatunza. Fundi pancha wa watu akanipa kitambaa chenye grisi nijifute, nikarudi nyumbani uso mweusi.

Kisha nikalala, nikaamka, na nikawa na hasira. Yule bwana aliyanunua ili tusafiri. Hakuyanunua ili yafunikwe shuka. Angenikuta nayapaka mafuta angenicheka mpaka akohoe.

Basi nifundishe. Nanunua matairi mapya, manne, na sitaki kudanganywa na mtu. Niandikie kila kitu cha kuangalia, kama unavyoandika kwa mtu asiyejua kitu, maana sijui kitu. Zimebaki wiki saba.

Kuhusu kaunta. Nimesoma aya ile mara tatu. Kuaibika? Mimi? Aibu ni ya huyo msimamizi anayesoma cheti cha ufundi na kuona risiti. Ulivyokaa nayo peke yako mwaka mzima ndiyo inayoniuma. Ungeniambia ningekusaidia kumtukana, hata kama ni kwa barua. Baba yako simwambii.

Paka amehama kabati. Wote wanakusalimia.

Shangazi yako anayejua namba

*

24 Mei 2018

Shangazi wangu,

Shikamoo mara nne, moja kwa kila tairi. Nimelia, nimefuta, sasa kazi.

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Nakili vyote, herufi kwa herufi. Saizi hiyo hiyo, usikubali "inakaribiana."

Dukani usianze na bei, anza na namba nne. Yasizidi mwaka mmoja au miwili. Angalia kila tairi, si moja la juu tu, maana la juu huwa ni la maonyesho. Pitisha kucha kwenye ubavu. Ukiona weusi unabaki kwenye kucha, limepakwa rangi. Wakikuambia valvu za zamani, zile za kuingizia upepo, bado nzuri, kataa, zinabadilishwa pamoja na tairi. Wayapime balansi, uzito uwe sawa pande zote, mbele yako. Na usisahau tairi la akiba, najua hata hilo lina kipara.

Shangazi, kuandika orodha hii nimejisikia fundi kuliko siku yoyote hapa. Msimamizi alipita akauliza naandika nini, nikasema risiti.

Ukipata, niandikie siku hiyo hiyo. Silali vizuri.

Binti yenu

*

12 Juni 2018

FUNDI WANGU!

Marahaba, wazima, wote wazima, paka mzima, sebule bado ya kijani! Kaa chini. Umekaa? Haya.

Ijumaa niliingia duka kubwa la matairi, mkoba begani, barua yako mkononi, tochi mfukoni. Muuzaji, kijana nadhifu mwenye saa kubwa kama sahani ya kikombe, akanipokea: "Karibu mama, unamnunulia nani?" Nikamwambia namnunulia dereva. Akaangaza nyuma yangu kumtafuta dereva.

Akanionyesha rundo. "Haya, mama, yametoka kiwandani juzi tu." Nikavaa miwani. Nikainama, goti likalia, nikawasha tochi. Nikamwuliza, "Juzi ya wiki ya arobaini na tano, mwaka 2011?" Akasema hizo ni namba za saizi. Nikamwambia, "Saizi ni hizi hapa juu, kijana. Hizi za kwenye kiduara ni siku yake ya kuzaliwa, na limekuzidi umri wa kazi." Nikapitisha kucha, ikatoka nyeusi. Nikamwonyesha kucha.

Mwanangu, mimi sikupaza sauti. Ni sauti yangu ya ofisini tu, unaijua. Lakini duka zima lilisikia. Bwana mmoja mwenye tai alikuwa ameshapakia mawili kwenye buti. Akatoka nje, akayashusha, akaniletea. "Mama, samahani, niangalizie na haya." Wiki ya tano, 2010! Akapiga kelele yeye. Mama mwingine naye akaja na lake. Nikajikuta nimewekewa kiti, watu wamepanga foleni na matairi yao, nami nasoma namba na kusema mwaka, kama niko mapokezi siku ya mshahara. Mwenye duka akatoka ofisini anatoka jasho. Akaniuliza kwa heshima, "Mama, umetumwa na nani?" Nikamwambia sijatumwa, nimestaafu.

Akaenda stoo ya nyuma mwenyewe. Akarudi na matano. 0818, wiki ya nane ya mwaka huu huu! Nikakagua yote, pande zote mbili, kila moja. Valvu mpya. Balansi mbele ya macho yangu. Muuzaji wa saa kubwa ndiye aliyekaza nati, na nikamwomba azikaze kwa msalaba, moja kisha ile inayoitazama, si kwa mzunguko. Hilo hukuniandikia, nimelisoma kwenye kitabu cha gari. Miaka ishirini na saba kipo kwenye droo ya gari na hakuna aliyekifungua.

Jana nikaenda ukaguzi. Baba yako akasisitiza kunisindikiza. Nikashangaa nyuma yetu kuna teksi inatufuata mpaka getini. Kumbe ameikodi, ya kunirudishia nyumbani likianguka! Alikuwa na huzuni ya mtu aliyejiandaa vizuri.

Mkaguzi alikuwa yule yule. Akachomeka kijiti chake, kikazama. Akakitoa, akakifuta, akakizamisha tena kwenye lingine. Akainuka akaniangalia. "Mama wa kipara?" Nikamwambia ndiye mimi. Akabandika stika kiooni kwa mkono wake, akaipigapiga mara mbili ishike. Foleni ya pale pale nilipochekwa, safari hii ikapiga makofi. Niliondoka hapo nimefungua vioo vyote vinne. Baba yako akarudi na teksi yake peke yake, kwa kuwa alishailipia.

Matairi ya marehemu? Jirani aliyaomba. Ameyalaza ukingoni, ameyajaza udongo, amepanda maua mapya ndani yake. Nikitoka na gari asubuhi nayapita. Nilidhani nitaumia, sikuumia. Nilimwambia marehemu kimoyomoyo, sasa ndiyo twende.

Jambo moja limebaki. Tangu niingie kwenye maua yale, usukani unavuta kushoto kidogo. Fundi pancha amejaribu kunyoosha kwa kamba na jicho, amepunguza, lakini anasema kazi yenyewe ni ya mashine, la sivyo matairi yangu yataliwa upande mmoja. Mashine hiyo hapa mjini haipo. Nimeuliza iko wapi, nikatajiwa gereji moja mji wa mbali, ambayo kaunta yake ina binti mwenye mwandiko mzuri.

Natoka tarehe ishirini na tisa asubuhi. Usiniandikie kunikataza, barua itanikosa, nitakuwa barabarani.

Shangazi yako

*

5 Julai 2018

Shangazi,

Shikamoo. Umefika, najua, maana Baba amepiga akasema tu, "Amefika," akakata. Chumba changu bado kina harufu ya manukato yako na sitaki kufungua dirisha.

Wewe ulikuwa umekaa garini unaangalia mbele, hukuziona sura zao. Wacha nikusimulie upande wangu.

Nilikuwa naandika risiti nikasikia honi. Nikainua kichwa, Mstaafu anaingia getini, vumbi mpaka kwenye taa, na wewe nyuma ya usukani na kitambaa chako cha bluu. Siku nzima ya barabara, peke yako! Nikataka kukimbia nikukumbatie, lakini wewe ulinipita kwa macho kama hunijui, nikaelewa nikae kimya.

Msimamizi akaja na tabasamu la wateja. "Karibu mama, vijana watakuhudumia sasa hivi." Ukamwambia, "Asante, lakini fundi wangu ni yule." Ukaelekeza kidole kaunta. Akageuka kutazama nyuma yangu, Shangazi, kama yule muuzaji alivyomtafuta dereva! Akasema, "Yule anaandika risiti, mama." Ukasema, "Basi leo ataandika baadaye. Nimeendesha tangu alfajiri kumfuata yeye, na gari langu haliguswi na mwingine. Mkiona haifai nitageuza nirudi, nami ni mwepesi wa kuandika barua." Ukapandisha kioo.

Wewe ukapandisha kioo tu, huku nje watu wanane walikuwa wananitazama. Wale vijana wawili waliweka spana chini. Msimamizi akawa anakuna shingo. Mwisho akasema, "Haya, fanya, tuone."

Nilivua sweta. Nilipandisha gari kwenye mashine, nikafunga vipimo kwenye magurudumu manne, na unajua mikono ilikumbuka yote? Mwaka na nusu nimekuwa nikifanya kazi hiyo kichwani kila siku nikiwa kaunta. Mikono ilikuwa imechoka kusubiri. Gurudumu la kushoto lilikuwa limetoka nje ya kipimo, skrini yote nyekundu. Nikalegeza, nikasogeza, nikakaza. Namba ikageuka kijani. Ya pili kijani. Zilipobaki zote kijani yule mdogo wa wale vijana wawili akasema "Duh!" kwa sauti. Msimamizi akaja na tochi yake, akalala chini ya gari dakika kumi akitafuta kosa. Akatoka, akajifuta magoti, akasema, "Sawa." Sijawahi kusikia neno sawa likinoga vile.

Ambalo huna habari nalo ni hili. Ulipoondoka Jumanne, mteja mwenye lori dogo aliyekuwa anangoja siku ile alirudi. Akasema anataka yule fundi wa mama wa gari la zamani. Akataka yule yule. Jana wakaja wawili. Leo asubuhi kwenye ubao wa zamu, mashine ya pili, kuna mwandiko mbaya wa msimamizi: FUNDI, na jina langu. Kaunta sasa wanapokezana vijana, na risiti hazisomeki.

Nimeweka picha ndani ya bahasha. Spana imeshikwa vizuri. Mpe Baba.

Fundi wako

*

21 Julai 2018

Fundi wetu,

Marahaba sana. Tumepokea bahasha. Picha yako baba yako ameitia fremu, ameitundika kwenye sebule ya kijani, na mtu akiingia anaulizwa kwanza kama ameiona, ndipo anaombwa akae. Swali la kwa nini imechukua mwaka mzima hajauliza, nami sijajibu.

Usukani sasa umenyooka, naweza kuushika kwa vidole viwili. Nimeshampeleka mwalimu wako wa darasa la nne hospitali na kumrudisha. Wenzangu wawili wa ofisini nao nawapitia kila Alhamisi. Wakichelewa kutoka napiga honi.

Kuna kitu baba yako hajaniambia na hataniambia, nimekipata kwa mama yako juzi tukichambua mboga.

Ile tarehe mosi Julai, wakati mimi niko kwako nalala kitandani kwako na wewe umelala chini, bwana wa vyuma chakavu alifika. Kumbe katika furaha zote hakuna aliyekumbuka kumkataza! Akaja na winchi yake, minyororo, na wasaidizi wawili, akagonga geti. Baba yako akatoka. Mama yako alikuwa dirishani, ameyaona na kuyasikia yote.

Yule bwana akasema, "Nimefuata gari bovu la dada yako." Baba yako akavimba. Akamwambia hapa hakuna gari bovu. Bwana akasema, lakini wewe mwenyewe uliniita, uko wapi ufunguo? Na baba yako, huyu huyu kaka yangu wa teksi, akasimama katikati ya geti, mikono kiunoni, akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: "Ufunguo anao mwenyewe. Dada yangu yuko safari, amekwenda kumwona binti yangu fundi. Na anaendesha yeye!"

Wasalimie hapo karakana, hata msimamizi.

Shangazi yako,
dereva